Spiriti Itatoka Mti Gani?

Chupa ilikuwa ya maji ya kunywa, ile ya lita moja na nusu, na ndani yake mlikuwa na matabaka mawili. Juu, mafuta mepesi ya rangi ya dhahabu. Chini, uji mzito wa kahawia. Ami aliinyanyua mpaka usawa wa jicho, akaigeuzia kwenye mlango wa karakana penye mwanga, akautazama ule mstari uliotenga juu na chini. Yeye ni fundi wa mashine za kusaga na mashine za majahazi hapa Wete, na dizeli ameishika kabla mimi sijazaliwa.

"Hii ya juu ndiyo mafuta?"

"Ndiyo, Ami. Ya chini ni glisirini."

"Na mbono wenyewe mmechuma kwa nani?"

Nikamtajia nyumba zenye nyua za mbono, yaani jatropha, tulizochuma. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaiweka chupa juu ya meza, akafuta mikono.

"Umeniambia mmechanganya na spiriti. Sasa hiyo spiriti, mwanangu, itatoka mti gani?"

Jibu nilikuwa nalo. Halikunitoka mdomoni.

Wiki zimepita na swali lile linanifuata barabarani, kwenye daladala, hata msikitini baada ya sala. Ndiyo maana naandika.

Kilichokuwa ndani ya chupa

Mafuta ya mbono yakishakamuliwa ni mazito mno kwa injini ya kisasa. Mnato wake ni kama mara kumi ya dizeli. Nozeli, ile pua inayopuliza mafuta ndani ya injini, haiwezi kuyarusha kama ukungu, inayatema matone, na baada ya muda masizi yanaganda mdomoni mwake. Dawa yake ni kuyavunja: asidi tatu zilizoshikana na glisirini zinaachishwa, kila moja inashikizwa kwa methanoli, ndiyo ile spiriti aliyoiuliza Ami, na hapo unapata dizeli ya mimea. Kinachochochea kazi hiyo ni kostiki, ile ile wanayoijua vizuri kina mama wanaotengeneza sabuni ya mwani. Lita 100 za mafuta zinataka lita 20 hivi za methanoli, joto la nyuzi 55 hadi 60, na kukoroga kiasi cha saa moja. Joto usilizidishe, maana methanoli inachemka kwenye nyuzi 65 na mvuke wake ni sumu na unashika moto.

Niliifanya na rafiki yangu anayesomesha kemia katika skuli moja ya Chake Chake. Kuna hatua moja pale ambayo mpaka leo naisimulia kwa kila anayenisikiliza. Kabla ya kuchanganya, lazima ujue mafuta yako yameshachacha kiasi gani, kwa sababu asidi iliyo huru ndani yake inaila kostiki na kugeuka sabuni. Maabara zina dawa zake za kuonyesha rangi. Sisi tulitumia manjano, haya haya ya shambani. Unaloweka unga kidogo kwenye spiriti, unachuja, unatia kwenye mafuta uliyoyayeyusha, kisha unadondosha maji ya kostiki tone kwa tone huku unatikisa.

Njano. Njano bado. Njano.

Halafu tone moja tu, na gilasi nzima inageuka nyekundu ya matofali. Hapo unasimama na kusoma umetumia kiasi gani. Mafuta ya mbono mapya yaligeuka mapema. Yaliyokuwa yamekaa kwenye dumu tangu msimu wa nyuma yalidai kostiki zaidi ya mara mbili.

Kipimo cha mwisho ni chepesi. Chukua sehemu 3 za dizeli yako, mimina kwenye sehemu 27 za methanoli. Ikiyeyuka yote, imeiva. Ikibaki hata chembe chini, hayo ni mafuta mabichi. Yetu iliyeyuka yote, na mwalimu akaitoa nje ya maabara kuwaonyesha wanafunzi wake.

Lakini methanoli haitoki mti wowote wa hapa. Inatengenezwa viwandani, zaidi kutokana na gesi asilia na makaa ya mawe, na kwetu inafika kwa meli kama inavyofika dizeli. Kila lita tano za mbono zinaidai lita moja. Nayo inafanana na maji kabisa. Mafundo machache yanapofusha, yakizidi kidogo yanaua. Nikajiuliza kama naweza kumwachia mtu dumu la kitu hicho kwenye nyumba yenye watoto. Siwezi.

Basi Ami alikuwa ameligusa jambo lenyewe. Nilitaka mafuta yetu wenyewe, nikatengeneza mafuta yanayongoja meli.

Miezi ya giza

Wasomaji wangu wa Unguja hawahitaji kukumbushwa Disemba 2009. Waya wa baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba uliharibika na kisiwa kikakaa bila umeme mpaka Machi 2010. Mei 2008 walikuwa wameshaonja kiasi cha mwezi mmoja wa hali hiyo hiyo. Pampu zilisimama, maji yakasimama nayo. Aliyekuwa na jenereta alinunua dizeli, asiyekuwa nayo aliwasha kandili. Sisi Wapemba mpaka 2010, waya wa kutoka Tanga ulipofika, tulikuwa tunategemea majenereta ya Wesha, na hayo nayo yalikula dizeli.

Wazo la mbono lilinishika miaka hiyo. Halikuwa wazo langu peke yangu. Dunia nzima ilikuwa inauzungumza mti huu. Tarehe 30 Disemba 2008 ndege ya Air New Zealand aina ya Boeing 747 iliruka kwa majaribio, injini yake moja ikitumia mchanganyiko wa nusu mafuta ya mbono na nusu mafuta ya kawaida ya ndege. Ukisoma habari kama hiyo umekaa gizani, na dirishani unauona mbono umeota bila kupandwa na mtu, moyo lazima uruke.

Huko Bara waliupanda kwa mahekta. Kisarawe kampuni ya Kiingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji. Kilwa ilikuja kampuni ya Kiholanzi. Ilipofika 2011 zote mbili zilikuwa zimeanguka, na wanavijiji wamebaki hawana kazi walizoahidiwa wala ardhi waliyoitoa. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mti haukuwa na kosa. Walisema mbono unaota kwenye ukame na ardhi mbovu, na kweli unaota. Kuota na kuzaa ni mambo mawili. Ukiunyima maji na mbolea unakaa hai kwa miaka na kukupa vikopo viwili vya mbegu. Matunda yake hayaivi kwa pamoja. Tawi moja lina kibichi, cha njano na kilichokauka, kwa hiyo unachumwa kwa mkono, leo na keshokutwa na wiki ijayo. Mashamba makubwa hayawezi kazi ya namna hiyo.

Hesabu ya hekta

Usiku mmoja nilikaa na karatasi. Nataka muione hesabu hii kama nilivyoiona.

Lita moja ya dizeli kwenye jenereta nzuri inatoa kama yuniti nne za umeme. Jenereta la megawati 1 likifanya kazi mwaka mzima bila kuzimwa linatoa yuniti milioni 8.76. Linataka lita milioni 2.2 hivi.

Hekta ya mbono, tukiipa mavuno mazuri, inatoa lita 500 kwa mwaka. Gawanya. Hekta 4,400 kwa megawati moja.

Waya wa pili wa Unguja, uliowekwa 2013, umejengwa kubeba megawati 100. Kuijaza nafasi hiyo kwa mbono ni hekta 440,000. Unguja na Pemba zote, pamoja na miji, misitu, mikarafuu na mabonde ya mpunga, hazifiki hekta 270,000.

Nililala vibaya.

Na visiwa hivi si vitupu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Kila kipande cha ardhi kina mtu, kina mhogo, kina mgogoro wa mpaka. Anayekuja kukwambia atapanda mbono Pemba ili auze mafuta kwa tani, muulize atapanda juu ya nini. Kama shida ni umeme, ekari moja ya paneli za jua inatoa mara nyingi zaidi ya ekari ya mbono, na haihitaji mtu wa kuchuma.

Kwa siku kadhaa niliona bora niiache kabisa habari hii. Chupa niliisogeza nyuma ya kabati.

Tondoo

Kilichonirudisha ni pwani. Nilikuwa natembea, nikakanyaga tondoo. Mnazijua: vile vitufe vya kijani tulivyorushiana utotoni, vinavyoanguka chini ya mitondoo na kukauka kwenye mchanga. Gumba lake gumu ukilipasua unakuta kiini, na kiini kikishakauka zaidi ya nusu ya uzito wake ni mafuta. Mbono hauufikii mtondoo hata kidogo kwa hilo. Mbegu ya mbono inatoa kama thuluthi. Na mtondoo unasimama kwenye mchanga, upepo wa chumvi ukiupiga usoni, mahali ambapo hakuna atakayepanda mhogo. Mbao zake mafundi wa vyombo wanazitaka. Mizizi yake inashika fukwe, na sote tunaona bahari inavyokula fukwe zetu na kuingia kwenye mabonde ya mpunga.

Nikasema, huu ndio mti.

Tukaanika viini mpaka vikawa vya kahawia na kunata mikononi. Kazi hiyo inachukua wiki nyingi, na ukiharakisha hupati kitu, maana mafuta yanajitokeza kadiri kiini kinavyokauka. Tukakamua. Yakatoka mafuta ya kijani kizito, yana harufu ya utomvu. Mwalimu akayatia manjano na kostiki. Tone, tone, tone, chupa ya kostiki inakwisha na rangi haijageuka. Asidi iliyo huru kwenye mafuta ya tondoo ni nyingi mno. Ukiyapika moja kwa moja na kostiki yanakuwa sabuni mbele ya macho yako. Ili yawe dizeli yanataka kupikwa mara mbili, kwanza kwa methanoli nyingi zaidi na asidi ya salfa, kisha ndiyo kostiki. Yaani spiriti ile ile ya Ami, na zaidi yake.

Naupenda mtondoo na nitaendelea kuushauri upandwe pwani, kwa sababu zake nyingine. Mafuta yake yanafaa taa na sabuni. Injini siwezi kuisemea.

Mashine haikudai kemia

Nilirudi karakana kumweleza Ami hesabu zote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Pembeni yake palikuwa na mashine kuukuu ya kusagia, aina ya Lista, gurudumu lake kubwa la chuma limesimama. Akaigonga kwa spana.

"Hii mbona hamjaiuliza?"

Mimi nilikuwa nimeshughulika kuyabadilisha mafuta yafanane na injini. Yeye aliiangalia injini. Lista inazunguka polepole, si kama injini za magari ya leo. Tundu la nozeli yake ni kubwa, pampu yake ni ya chuma kinene, na mafuta mazito inayavumilia. Huko India na Afrika Magharibi injini za aina hii zimeendeshwa kwa mafuta ya mbono yaliyochujwa tu, bila methanoli na bila kostiki. Hata Paris mwaka 1900, kwenye maonyesho ya dunia, injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga jinsi yalivyo.

Mafuta lazima yapashwe moto, na moto upo wa bure, kwenye bomba la moshi la injini yenyewe. Unazungushia bomba jembamba la shaba na mafuta yanapita humo kabla ya kufika kwenye pampu. Lazima pia kuwe na matangi mawili. Unawasha kwa dizeli, injini ikipata joto unafungua mbono, na dakika chache kabla ya kuzima unarudisha dizeli ili isafishe njia. Ukizima na mbono ndani, kesho utaikuta nozeli imeziba. Na mafuta yatulizwe kwenye pipa siku kadhaa, uchafu ukae chini, kisha yachujwe kwa kitambaa kizito.

Sheria hizi Ami hakuzisoma popote. Nilimtajia shida moja moja, yeye akataja dawa yake, na baadaye nilipolinganisha na walivyofanya wengine nikakuta ni yale yale.

Anayeendesha gari la kisasa asijaribu. Nasema hivi kwa msisitizo, maana tayari nimeulizwa na dereva mmoja wa daladala. Pampu yake itakufa, na bei ya pampu anaijua.

Nani atachuma

Sasa hesabu ndogo, ile ninayoiamini. Ua wa mbono unatoa kiasi cha nusu kilo hadi kilo moja ya mbegu kwa kila mita kwa mwaka. Kwa mashine ya kukamulia ya mkono, kilo nne hadi tano zinatoa lita moja. Nyumba yenye ua wa mita 100 itapata lita 10 mpaka 25. Nyumba kumi, lita 100 mpaka 250. Mashine ya kusagia ya farasi nane inakula kama lita moja na nusu hadi mbili kwa saa. Ni saa nyingi za kusaga, lakini si mwaka. Ni sehemu ya mwaka. Dizeli ya sheli itaendelea kununuliwa.

Hapa ndipo ninapopata mashaka yangu makubwa, na hayahusu injini. Anayechuma ni nani? Nikiangalia kijijini najua jibu: wanawake na watoto. Mbegu ya mbono ina ladha tamu kidogo ya karanga, na mtoto akitafuna tatu nne anatapika na kuharisha mpaka anapelekwa spitali. Ukimpa mtoto kikapu cha mbono, umempa sumu mkononi. Kwa hiyo tumekubaliana watoto wasichume, hata kama mavuno yatapungua. Mbono wa makaburini hatuugusi. Na mashine ya kukamulia isikamulie kitu kingine chochote, hata ufuta, hata mara moja.

Kuna na bei. Mama anayechuma kilo tano juani anataka kujua lita ile itamlipa nini, na dizeli ikishuka bei sheli, malipo yake yanashuka pia. Upande wa Arusha na Monduli, ambako mbono ulishughulikiwa miaka mingi kabla ya makampuni makubwa, kina mama waliona sabuni ya mbono inalipa kuliko kuuza mafuta yake. Naona itakuwa hivyo hivyo kwetu. Sabuni ina mnunuzi, ina watalii, na kina mama wa mwani tayari wanajua kostiki inavyoshikwa kwa glavu na inavyomiminwa. Kama kikundi kitaamua mafuta yote yawe sabuni na Lista ibaki na dizeli, mimi sina haki ya kuwazuia. Nimeshamwambia Ami hivyo. Hakufurahi. Ameshaikata ile shaba na kuizungushia kwenye bomba la moshi, na anataka mashine yake ingurume kwa mbono mbele ya watu.

Tulikaa barzani na nyumba zile zenye nyua, tukazungumza mpaka magharibi. Mafuta ya kwanza yatagawiwa nusu kwa nusu, nusu sabuni na nusu mashine, na hesabu ya pande zote mbili itasomwa hadharani mwisho wa msimu. Mashudu yaliyobaki baada ya kukamua hayaliwi na mnyama, sumu imo bado, lakini yana nitrojeni nyingi na ni mbolea nzuri.

Bi mkubwa mmoja, ambaye muda wote alikuwa kimya anasuka ukili wake, aliuliza mashudu hayo yatauzwa au yatagawiwa. Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Akasema mafuta hana haja nayo, ila ana miche ya mikarafuu aliyopanda mwaka jana na anataka gunia la kwanza liandikwe jina lake. Tukaliandika.